Kilichobaki Nyuma ya Sikio

Kiwandani walimwita Mama Jicho. Mwanzoni walimwita hivyo nyuma ya mgongo wake, kisha siku moja yeye mwenyewe akaitikia bila hata kuinua kichwa, na tangu hapo jina likawa lake.

Alikuwa mkaguzi wa mwisho katika kiwanda cha mashati. Shati likishakatwa, likashonwa na kupigwa pasi, lilipita mezani kwake kabla ya kukunjwa na kutiwa mfukoni. Meza yenyewe ilikuwa ya kioo, na chini ya kioo ziliwaka taa nne ndefu. Mama Jicho alilishika shati mabegani, akalikung'uta mara moja, halafu akaligeuza nje ndani. Upande wa nje hakuuamini. Alisema upande wa nje kila mshonaji anaujali kwa sababu unaonekana. Ukitaka kumjua mtu, angalia alivyomalizia kwapa. Akiona kasoro alibandika kishale chekundu, shati likarudi lilikotoka, na aliyelishona akajua mchana wake umeharibika.

Miaka ishirini na sita ya kazi hiyo ilimfanya kuwa mtu wa kushuku, au labda alipewa kazi hiyo kwa sababu alizaliwa hivyo. Mumewe, fundi bomba mwenye maneno machache, alikuwa na maoni yake juu ya jambo hilo lakini aliyaweka moyoni. Nyumbani Mama Jicho aliyanusa maziwa kabla ya kuyachemsha na baada ya kuyachemsha. Mlango aliufunga, akausukuma, akapiga hatua tatu, akarudi kuusukuma tena. Binti yao, mtoto wao wa pekee, ambaye sasa alikuwa mtu mzima na kazi yake katika duka la dawa, alipenda kuwaambia watu kwamba nyumba aliyokulia ilikuwa na vipimajoto viwili: cha kwanza cha kumpima mtoto, cha pili cha kukipima kile cha kwanza.

Maumivu yalianza asubuhi moja akipiga mswaki. Yalimchoma shavu la kulia kama mtu amemgusisha waya wa umeme, yakadumu kwa muda wa kuhesabu mpaka tano, yakaondoka, akabaki ameshika sinki huku povu likimtiririka kidevuni. Siku tatu hakusikia kitu. Siku ya nne, upepo wa dirishani ulimpiga shavuni, waya ukarudi. Baada ya miezi miwili alikuwa ananawa upande mmoja wa uso, anatafuna upande mmoja, na akisalimiwa anaitikia kwa kutikisa kichwa, kwa sababu hata kufungua mdomo kulimtia wasiwasi.

Daktari wa meno alimng'oa gego moja. Maumivu hayakwisha, akamng'oa la pili. Mama Jicho aliomba apewe meno yake yote mawili, akayafunga kwenye kipande cha kitambaa cha kola, na kesho yake kazini akayaweka juu ya meza ya kioo, taa zikiwaka chini yake, akayageuza kwa kibano. Yalikuwa safi kama vifungo vipya. Hayakuwa na tundu wala ufa. Saa za kazi zilipokwisha alikwenda moja kwa moja kwa yule daktari wa meno, akamfungulia kitambaa mezani, akamwomba amwonyeshe yameoza wapi.

Daktari aliyatazama kwa muda, akavua miwani. Alikiri kwamba haoni kitu, kwamba meno yalikuwa mazima, na kwamba angefanya vizuri kumpeleka mapema kwa watu wa mishipa ya fahamu. Akaandika barua, akaitia kwenye bahasha na kuifunga kwa gundi. Mama Jicho alifika mpaka kona ya kwanza ya mtaa, akaifungua bahasha, akaisoma barua yote mara mbili, kisha akaifunga tena kwa kishale chekundu cha kiwandani alichokikuta mkobani. Watu wa mapokezi ya hospitali walikishangaa kile kishale lakini hawakuuliza.

Kabla ya siku aliyopangiwa ya kipimo cha kichwa kufika, jambo jingine lilikuwa limeanza, na hilo hakumwambia mtu. Wakunjaji wa mashati walikaa upande wake wa kulia, wanawake wanne, wapiga soga wa kutwa nzima. Aliona kwamba siku hizi wanazungumza chini chini. Midomo ilicheza, mabega yalitikisika kwa kicheko, na yeye haambulii neno. Akiwauliza wamesema nini, walimwambia hakuna kitu, mama, na hilo ndilo lilimfanya aamini kwamba kipo. Alianza kujiuliza nani anakitaka kiti chake. Mwezi huo vishale vyekundu vilitumika mara mbili ya kawaida, hadi msimamizi akaja kuuliza kama washonaji wote wamepofuka kwa pamoja.

Nyumbani pia. Mumewe, ambaye hata siku zote sauti yake haikuwa kubwa, ilikuwa kama ameamua kuongea na ukuta. Mama Jicho alimtilia shaka kwa wiki nzima. Alidhani kuna jambo analomficha, tena analisema mbele yake kwa makusudi ili siku moja aje kumwambia, si nilikuambia? Jioni moja mumewe alikuwa mezani anakunywa chai na kusimulia habari za bomba lililopasuka. Mama Jicho aliinuka, akazunguka meza, akakaa upande wa pili. Sauti ikarudi. Akahamia tena alikotoka, ikapotea. Akarudi, ikarudi. Mumewe aliacha kusimulia na kumtazama anavyozunguka meza kikombe mkononi.

Hapo akajua kwamba hakuna anayenong'ona. Ni sikio. Na habari hiyo ilimtisha kuliko njama yoyote, kwa sababu njama ungeweza kuivizia.

Kipimo kilionyesha uvimbe. Ulikuwa chini kabisa ya ubongo, kwenye sakafu ya fuvu, katika pembe ile ambapo mishipa ya sikio na ya uso hutoka kwenye shina la ubongo na kuingia mfupani. Daktari bingwa wa upasuaji aliyewapokea alikuwa mtu mfupi mwenye vidole vyembamba, umri wa kuwa mdogo wake wa mwisho. Aliwaeleza taratibu. Uvimbe huo si saratani. Ni chembe za ngozi zilizokosea njia wakati mtoto anaumbika tumboni, zikabaki zimefungiwa ndani, nazo hufanya kile ambacho ngozi hufanya siku zote: hujichubua. Maganda yanarundikana kidogo kidogo kwa miaka arobaini, hamsini, mpaka siku yanapoanza kuusukuma mshipa.

Binti yake alishusha pumzi aliposikia si saratani. Mumewe akasema ashukuriwe Mungu. Mama Jicho aliwatazama wote wawili, kisha akamgeukia daktari.

"Kama si ubaya, mbona unataka kunipasua?"

Daktari akamwambia ubaya wake ni mahali ulipokaa. Ukiachwa utaendelea kukua, na sikio litakwenda lote, kisha kumeza, kisha kutembea.

Mama Jicho hakuridhika. Ilimshangaza jinsi kila mtu alivyolitanguliza lile neno, si saratani, kama muuzaji anayekuonyesha mfuko wa shati kabla ya kukuonyesha shati lenyewe. Alikwenda hospitali nyingine na picha zake chini ya kwapa. Kule nako walimwambia hivyo hivyo, ila wao wangefungua mfupa mpana zaidi na kuusogeza ubongo kidogo ili wapate kuona. Aliuliza ubongo ukishasogezwa unarudishwa vipi. Jibu alilopewa lilikuwa refu sana, na majibu marefu hakuyapenda.

Akarudi kwa yule mfupi akiwa na maswali kumi na manne, ameyaandika nyuma ya fomu ya ukaguzi wa mashati. Aliuliza la kwanza kabla hajakaa.

"Umefanya wangapi wa namna yangu?"

"Thelathini na mmoja."

"Wangapi wamekufa?"

"Mmoja," daktari akasema. "Na wawili walipoteza sikio kabisa."

Mama Jicho aliandika namba zote tatu. Alikuwa amejiandaa kwa uongo, na ukweli ukamjia mikono mitupu namna hiyo. Lakini njiani kurudi alikwisha kupata shaka mpya: mtu akikubali mmoja upesi hivyo, huenda wako watatu.

Swali lililomchukua muda mrefu siku hiyo lilikuwa la tisa, nalo lilikuwa la kikazi: atajuaje kwamba hajaacha kitu? Daktari alisimama, akaufungua mlango wa chumba chake nusu, akamwomba Mama Jicho asimame kizingitini na kumwambia anachokiona. Akataja meza, dirisha, kitanda cha kupimia, kalenda. Daktari akamuuliza nyuma ya mlango kuna nini. Mama Jicho akasema haoni. Daktari akamwambia hadubini kubwa inayotumika katika upasuaji ndivyo inavyoona, wima, kutoka kizingitini. Kilichojificha nyuma ya mlango huwezi kukiona mpaka uusukume mlango, na kwenye ubongo milango haisukumwi ovyo. Kwa hiyo yeye hufungua tundu dogo nyuma ya sikio, hufanya kazi kwa hadubini mpaka mwisho wa macho yake, kisha huingiza endoskopi, bomba jembamba kama kalamu ya risasi, lenye taa na kioo kilichokatwa mshazari mwishoni. Hilo linachungulia kona.

Mama Jicho aliomba kuliona. Daktari akatoa moja kabatini. Mama Jicho akalishika, akalizungusha kwenye mwanga wa dirisha, akalinusa, na kwa kucha yake akaonyesha sehemu karibu na ncha.

"Hapa pamekwaruzika."

Daktari akainama kuangalia. Kweli palikuwa na mkwaruzo kama unywele. Akaeleza kwamba hilo ni bovu la kufundishia wanafunzi, halijaingia kichwani mwa mtu kwa miaka mitatu. Basi Mama Jicho akataka aone lile zima, lenyewe litakaloingia kichwani mwake. Daktari akakataa, akasema limeshasafishwa na kufungwa, na litafunguliwa siku hiyo tu. Jibu lilikuwa na maana. Hata hivyo Mama Jicho aliliandika upande wa mashaka.

Mwisho alikubali, kwa sababu asubuhi moja maumivu yalimzuia kunywa hata maji. Fomu ya ridhaa aliisoma yote, pamoja na maandishi madogo ya chini yaliyotaja tarehe ya kuchapishwa kwa fomu yenyewe. Kabla ya kutia sahihi aliongeza mstari kwa mkono wake: *Nataka kuoneshwa picha za video za kazi yote.* Muuguzi akasema fomu haiandikwi nyongeza. Daktari akaichukua, akausoma ule mstari, akatia herufi za jina lake pembeni.

Upasuaji ulichukua saa sita na robo. Kwa Mama Jicho ulikuwa kufumba na kufumbua: mwanamke mwenye barakoa alimwambia ahesabu kurudi nyuma kutoka kumi, naye akawa anafikiria kwa nini kurudi nyuma, halafu akasikia anaitwa. Alianza kujikagua hapo hapo. Alihesabu vidole. Alitabasamu bila sababu ili aone kama pembe zote mbili za mdomo zimepanda. Aliwatazama mumewe na binti yake, kila mmoja alikuwa mmoja, hakuna aliyeongezeka. Nyuma ya sikio la kulia alikuta bandeji na kiraka kilichonyolewa. Kisha, polepole, kama mtu anayesogeza mkono karibu na mbwa asiyemfahamu, aligusa shavu lake.

Hakuna kitu. Alilisugua. Hakuna kitu. Mumewe alianza kulia kimya kimya, lakini Mama Jicho alikuwa anawaza kwamba dawa za usingizi bado zimo mwilini. Alingoja siku nne dawa ziishe. Siku ya tano alipiga mswaki mbele ya kioo cha bafu la wodi, upande wote wa kulia, juu na chini, kwa nguvu. Waya haukuwepo. Alikaa kwenye ukingo wa bafu akiwa na mswaki mdomoni kwa muda mrefu hadi muuguzi akaja kubisha hodi.

Angekuwa mtu mwingine habari ingeishia hapo. Lakini yeye alikuwa ameanza kuona mambo.

La kwanza, binti yake alimwambia wametoa yote. Alimwambia siku ya kwanza, akamwambia tena siku ya tatu, na siku ya nane alimwambia bila kuulizwa: "Wametoa yote, mama, yote kabisa." Kila mara alikuwa akitazama ndala zake. La pili, mumewe alikuwa mchangamfu. Mtu aliyekaa miaka thelathini kwenye ndoa kwa kuguna, sasa anasimulia vichekesho vya kazini wodini, tena viwili mfululizo. La tatu, daktari alipopita wodini, binti yake alimfuata nje, wakasimama koridoni, upande wa sikio lake bovu. Hakusikia neno. Lakini mlango ulikuwa na kioo, naye aliona binti yake anatikisa kichwa kukataa jambo, na daktari anainua mabega.

La nne lilimaliza ubishi. Siku ya kuruhusiwa, bahasha yenye barua ya daktari ilikabidhiwa kwa binti yake, naye akaitia ndani kabisa ya mkoba na kuvuta zipu. Nyumbani Mama Jicho aliitafuta. Alitafuta kwenye droo za kabati, chini ya godoro, nyuma ya mitungi ya unga, ndani ya boksi la vifaa vya mumewe, katikati ya spana. Alikagua nyumba yake chumba hadi chumba akiwa na nyuzi nyuma ya sikio na kizunguzungu cha kumlazimisha kushika kuta. Hakuipata. Binti yake alipopiga simu kumjulia hali, Mama Jicho alimjibu kwamba yuko salama, amelala tu.

Miadi ya kliniki ilikuwa Jumatano, binti yake ameomba ruhusa kazini ili amsindikize. Jumanne asubuhi, mumewe alipokwishaondoka, Mama Jicho alijifunga kilemba, akaufunga mlango, akausukuma mara mbili, akaenda hospitali peke yake.

Aliketi kwenye benchi kwa muda wa karibu saa tatu. Daktari alipotoka na kumwona alitaka kumwambia kwamba siku yake ni kesho. Mama Jicho akamwonyesha nakala ya ile fomu, mahali pale penye herufi zake. Wakaingia.

Video ilikuwa ndefu, daktari akaiendesha kwa kuruka baadhi ya sehemu. Mama Jicho alivuta kiti mpaka pua yake ikakaribia skrini. Aliona pango dogo lenye maji ya kung'aa, na ndani yake kitu cheupe chenye matabaka, kama sabuni ya kipande iliyokaa majini. Vyombo vyembamba vilikimega na kukifyonza punje kwa punje. Katikati ya kazi hiyo mshipa ulionekana, bapa kama mkanda wa suruali ya mtoto, ukiinuka kidogo kidogo kadiri uzito ulivyoondolewa. Daktari akasema ndio huo uliokuwa ukimchoma. Mama Jicho aliutazama kwa chuki.

Kisha pango likawa safi. Hapo, akasema daktari, ndipo macho ya hadubini yanapoishia. Picha ikabadilika, ikawa duara, ikasonga mbele, ikageuka kona. Na kule nyuma ya ukingo wa mfupa kulikuwa na rundo jingine jeupe, karibu sawa na lile la kwanza.

"Hilo ungeliacha," Mama Jicho akasema.

"Bila endoskopi, ningeliacha na nisijue."

Waliangalia likiondolewa. Lilichukua muda. Kuelekea mwisho, daktari alikuwa ameshaanza kuisogeza mbele ili waone tundu linavyofungwa, Mama Jicho akanyoosha kidole.

"Simamisha. Rudisha kidogo. Hapo."

Kwenye shina la mshipa, pale unapotoka ubongoni, palikuwa na utando mweupe, mwembamba, umeshikana na mshipa mdogo wa damu. Picha ilizunguka pembe zote na utando ukawa bado upo. Kisha endoskopi ikatoka, na utando ukabaki.

"Hicho ni nini?"

Daktari aliiacha picha imesimama. Aligeuza kiti chake.

"Hujaambiwa?"

"Ningekuwa nimeambiwa ningekuuliza?"

Akamwambia, basi. Ganda la uvimbe lilikuwa limeng'ang'ania pale. Alilivuta mara moja, mapigo ya moyo yakashuka mpaka mashine ikapiga kelele. Akaacha, akangoja, akajaribu tena taratibu, yakashuka tena. Kulitoa kwa nguvu kungeweza kuuchana ule mshipa wa damu, na mshipa huo hulisha shina la ubongo. Akaamua kuliacha, jembamba kama ngozi ya kitunguu. Linaweza kukua tena. Huenda miaka kumi, huenda ishirini, huenda lisikue. Dawa yake ni kupiga picha kila mwaka. Haya yote aliwaeleza mumewe na binti yake jioni ile ile, na ameyaandika katika barua. Binti alimsihi amwachie yeye kazi ya kumwambia mama yake akishapata nguvu.

Mama Jicho aliikunja nakala ya fomu. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya chini, nayo ilimfanya daktari aweke kalamu mezani.

"Daktari, uliyempasua ni mimi au ni binti yangu?"

"Ni wewe, mama."

"Basi."

Daktari akasema amekosea. Hakuongeza sababu, wala hakusema lakini. Mama Jicho alimtazama aone kama kuna kilichofichwa nyuma ya hilo neno, akalitazama na kulitazama, hakukiona. Akaomba nakala ya barua, akaisoma palepale, akauliza maneno mawili asiyoyaelewa, akaondoka.

Jioni binti alipopita kumwona alimkuta mama yake mezani na barua iko wazi mbele yake. Mumewe alikuwa ameshafika, amekaa akitazama mikono yake. Binti aliona karatasi, akaketi bila kuvua viatu.

Mama Jicho alikuwa na maneno mengi, ameyapanga njia nzima. Yaliyomtoka yalikuwa machache. Alisema kwamba kwa siku kumi na nane alijiona kama mwenda wazimu, anafungua mitungi ya unga, kumbe akili yake ilikuwa sawasawa. Alisema hilo ndilo alilokasirikia zaidi.

Mumewe akasema tulikuogopea. Unajua ulivyo, ungekaa unalihesabu hilo ganda usiku na mchana.

Binti yake alikuwa analia, lakini alijibu, kwa kuwa alikuwa mtoto wa mama yake. "Nilitaka ukae mwezi mmoja tu, mama, mwezi mmoja maishani bila kukagua kitu. Mimi begi langu la shule lilipekuliwa kila siku mpaka kidato cha nne. Sikuwahi kukuona umepumzika hata siku moja."

Hilo la begi lilimwingia. Hakulijua kuwa lilikaa moyoni mwa mtoto muda wote huo. Alikunja barua, akaikunjua.

"Kosa nikilijua, nalala," akasema. "Nisipolijua ndipo silali. Hivyo ndivyo nilivyo, sijui kuwa mwingine. La begi, nisamehe."

Hawakukumbatiana, haikuwa nyumba ya namna hiyo. Binti alivua viatu, akaenda kuwasha jiko, na mumewe akaomba aoneshwe kwenye barua ni wapi palipoandikwa ngozi ya kitunguu, kwani yeye siku ile hospitalini hakuelewa hata nusu yake.

Alirudi kazini baada ya miezi mitatu. Sikio lilirudi kiasi, si lote. Akaomba meza igeuzwe ili wakunjaji wakae kushoto kwake, na alipoanza kuwasikia aligundua kwamba soga zao zote zilikuwa juu ya wakwe zao, wala hawakuwahi kumtaja. Ilimchoma kidogo, kuona kwamba hakuwa na umuhimu aliojipa.

Kila mwaka alipigwa picha ya kichwa. Bahasha aliifungua mwenyewe kwanza, kisha akampa binti yake, ambaye sasa humsindikiza na kukaa kiti cha pili, kimya. Mwaka wa kwanza utando haujabadilika. Wa pili vilevile. Wa tatu vilevile.

Mwaka wa nne yule daktari mfupi alikuwa amehamia mji mwingine, mahali pake amekaa kijana mrefu, mchangamfu, mwenye haraka. Aliitazama picha kwenye skrini, akatabasamu, akasema hongera mama, kichwa ni safi kabisa, hakuna kitu.

Binti alianza kuinuka. Mama Jicho hakuinuka.

"Tazama tena," akasema.

Kijana akasema ameshatazama. Mama Jicho akamwambia kwenye shina la mshipa wa uso, upande wa kulia, nyuma ya ukingo wa mfupa, kuna utando. Kama hauoni, basi ama umeondoka wenyewe, na hilo halifanyiki, ama hajautazama. Akamwomba afungue picha za miaka mitatu iliyopita aziweke pamoja na hii. Kijana akasita, akafungua. Alisogea karibu na skrini. Alikuza picha, akaikuza tena, akaacha kutabasamu, akapima kwa mstari mdogo wa kijani, mwaka kwa mwaka.

"Upo," akasema mwishowe. "Haujaongezeka hata kidogo. Samahani, mama."

Mama Jicho alimwambia aandike hivyo, kwamba upo na haujaongezeka, na asiandike safi. Alisubiri mpaka karatasi ikatoka kwenye printa. Aliisoma yote, ameinyoosha vizuri mkononi mwake, akampa binti yake naye aisome, na binti, baada ya kuimaliza, akamwonyesha kijana kwa ncha ya kidole kwamba tarehe imekosewa.